Mwaka Ambao Rukmi Hakwenda Kwao

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, kichochoro chetu cha Klender huwa na salamu moja tu: "Mnaondoka lini?" Hakuna anayeuliza mnakwenda wapi. Kila mtu ana kwao, na Idi huliwa kwao. Jakarta ni mahali pa kazi, hata kwa sisi tuliozaa na kulea humu humu. Mimi kwetu ni Tegal. Mama Dewo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kwao ni Purworejo. Na Rukmi, wa chumba cha mwisho karibu na pampu ya maji, kwao ilikuwa Wonogiri, juu kule kwenye vilima vya mawe.

Rukmi hakulelewa na mama. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, baba akaoa kwingine na habari zake zikaishia huko. Aliyemlea ni bibi yake, kwa uji wa unga wa makopa na maziwa ya mbuzi. Alipokuwa msichana alikuja mjini kushona kwenye kiwanda cha nguo, akaolewa na Sarwono, dereva wa mabasi ya mbali, akazaa Galih na kisha Menik. Lakini Idi haikumkuta Jakarta hata mara moja. Hata mwaka ule alipokuwa na mimba kubwa ya Menik, miguu imevimba mpaka viatu havimwingii, alipanda basi akaenda kwa bibi.

Bibi alifariki miezi michache baada ya Idi ile iliyopita. Nyumba ilikuwa ya mjomba wake kwa haki, naye akampangisha mwalimu mmoja mwenye familia. Hakuna aliyemdhulumu Rukmi. Ni kwamba tu pale mahali palikuwa na watu wengine sasa. Kwa wakwe nako hakukuwa na mtu: mama yake Sarwono alishahamia Kalimantan kwa bintiye. Na Sarwono mwenyewe, kama madereva wote, msimu wa Idi ndio alikuwa haonekani kabisa. Anapeleka watu makwao, anageuza, anapeleka wengine.

Sisi hatukuyafikiria hayo yote. Tulijua amefiwa, tulikwenda kumpa pole, tukaona yamekwisha.

Asubuhi moja tulikuwa tumeuzunguka mkokoteni wa muuza mboga, tukichagua nyanya na pilipili za kufuturia. Mama Dewo akamgeukia Rukmi.

"Mama Galih, mbona kimya mwaka huu? Tiketi mmepata?"

"Tiketi ya nini huyo?" akadakia yule dada anayeuza tambi. "Mumewe ndiye mwenye usukani. Yeye anakaa kiti cha mbele, miguu juu."

"Kiti cha mbele? Huyo anapakatwa na dereva!"

Tulicheka sana, na Rukmi akacheka pamoja nasi. Kisha akasema, "Tunaondoka na basi la mwisho. Baba Galih atatupitia."

Ilikuwa uongo. Sarwono alikuwa ameshamwambia viti vyote vimeuzwa, na hata kingepatikana kimoja, wangeshukia kwa nani?

"Neno lilinitoka tu," aliniambia baadaye, siku tulipokuwa tukifua pamoja. "Ningesema hatuendi, mngeuliza kwa nini. Ningesema bibi hayupo, mngenionea huruma. Nilikuwa nimechoka kuonewa huruma, Mama Laras. Tangu msibani naonewa huruma."

Alichosahau ni kwamba Galih, mwanawe wa miaka saba, alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mkokoteni akiokota maharage yaliyodondoka. Mtoto alisikia kila neno.

Mchana ule ule Galih alitoa madaftari yote kutoka kwenye mkoba wake wa shule. Akaweka ndani shati jipya la Idi, tochi, mjusi wa plastiki, kipande cha sabuni na pakiti ya biskuti za kuwapa mbuzi. Rukmi aliingia chumbani akamkuta akivuta zipu. Hapo ndipo angemwambia. Alisimama mlangoni, taulo begani, akatafuta pa kuanzia.

"Usiweke sabuni na biskuti pamoja," akasema. "Zitanuka."

"Mbuzi hawajali."

"Watajali. Zitenganishe."

Basi uongo ukawa wa nyumba nzima. Kila asubuhi Galih alifungua macho na kuuliza, "Leo?" Na mama yake akajibu, "Bado." Menik, ambaye hakuwa na habari ya Wonogiri wala ya nini, naye akajifunza kuuliza, "Leo?" halafu akajijibu mwenyewe, "Bado."

Mambo mengine yaliendelea kama kawaida ya nyumba yenye watoto. Galih alikuwa ameapa mwaka huo atafunga siku nzima, si ile funga ya kitoto ya kufungua adhuhuri. Lakini alikuwa akienda bafuni mara nyingi kuliko desturi, na akitoka kidevu kimelowa.

"Umekunywa maji?"

"Nimenawa."

"Umenawa na ulimi?"

Menik alikuwa akifunga kati ya biskuti na biskuti. Usiku alipata homa, asubuhi akaamka mzima na kumpaka paka poda ya mtoto mwili mzima. Rukmi alikata nywele za Galih kwa mkasi wa kushonea, upande mmoja ukawa mfupi, akakata na wa pili, ukawa mfupi zaidi. Alifua mapazia. Alioka vijibiskuti vya nanasi na kuvipanga kwenye makopo ya kioo mezani, kama kila nyumba. Mikono ilikuwa ikifanya kazi zake za kila mwaka yenyewe.

Huku nje kichochoro kikaanza kupungua. Pikipiki ziliondoka zikiwa na baba mbele, mtoto katikati, mama nyuma, na maboksi yamefungwa kwa kamba ya plastiki. Wale wavulana waliokuwa wakipita alfajiri wakigonga masufuria kuamsha watu kula daku walikuwa kundi zima, wakabaki wachache, kisha ikasikika sufuria moja peke yake, kisha hata hiyo haikusikika. Siku yangu ilipofika, Rukmi mwenyewe ndiye aliyenisaidia kufunga mizigo. Alikaza kamba kwa goti, akaniambia niwasalimie wa Tegal. Nami nikamwambia awasalimie wa Wonogiri. Akasema zimefika.

Mama Dewo alikuwa na ndege wake wa kuimba anayempenda kuliko mumewe, na hilo hata mumewe analijua. Alikuja na tundu mkononi.

"Ningekuachia wewe huyu, mwenzangu. Lakini na wewe unaondoka."

"Eeh," Rukmi akasema. "Tunaondoka."

Ndege akapelekwa kwa Lindung. Lindung ni Mbatak, mtu wa kisiwa kingine, ameweka banda lake la kuziba pancha mdomoni mwa kichochoro. Ni Mkristo, haondoki Idi, na sauti yake hata akinong'ona inasikika mpaka sokoni.

Kisha akaja mwangalizi wa nyumba, yule anayetukusanyia kodi kwa niaba ya mwenye nyumba. Naye alikuwa na safari ya kwao. Alipita mlango kwa mlango akigonga, aone kama kuna aliyebaki. Rukmi alikuwa amefunga mapazia tangu jana yake, ili mtu yeyote asije akachungulia na kuuliza. Mwangalizi alipogonga kwake, Rukmi alimkumbatia Menik na kumwekea kidole mdomoni.

"Tunajificha?" Galih akanong'ona.

"Tunapumzika."

Mwangalizi aligonga tena, akasikiliza, akaenda zake. Kabla ya kuondoka alizima pampu ya maji na kufunga kisanduku chake kwa kufuli, kama mtu mwangalifu anavyotakiwa kufanya.

Kesho yake asubuhi Rukmi alifungua bomba likakohoa na kunyamaza. Ndoo ya bafuni ilikuwa na maji ya kunawa uso tu. Nepi za Menik zilikuwa zimelowekwa kwenye sabuni. Alitoka nje akiwa na ndoo mbili, watoto wakimfuata, na ndipo kwa mara ya kwanza akakiona kichochoro kilivyo. Milango yote kufuli. Hakuna redio, hakuna mtu anayekaanga kitu, hakuna nguo kwenye kamba. Hata paka walikuwa wamehamia sokoni. Alisema alisikia kandambili zake mwenyewe zikipiga sakafu, pa, pa, pa, akatamani kuzivua.

Lindung alikuwa na pampu ya mkono nyuma ya banda, ya kujazia lile beseni la kutafutia matundu ya mipira. Alipomwona Rukmi na watoto wawili wanakuja aliangusha spana.

"Haa! Mama Galih! Mimi nikajua mmeshafika, mnakula mbuzi!"

"Bado, kaka. Naomba maji."

"Maji chukua. Lakini bado vipi? Kesho Idi! Mtapaa?"

"Baba anatupitia na basi la mwisho," Galih akasema.

"Basi la mwisho?" Lindung akajikuna kichwa. "La kampuni ya baba yako? Limeondoka jana jioni, kijana. Mimi mwenyewe nimelijaza upepo."

Alipoona uso wa Rukmi alijua amekanyaga pasipofaa, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Rukmi akatua chini ndoo aliyokwisha kuijaza. "Hatuendi," akasema.

Galih akamtazama. "Hatuendi leo?"

"Hatuendi kabisa, mwanangu. Bibi hayupo. Si unajua?"

"Najua. Bibi amekufa. Nyumba haijafa."

Lindung aliinamia sanduku la vyuma akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea. Rukmi alijaribu kueleza: ndani ya nyumba ile kuna mwalimu, kuna watoto wa mwalimu, huwezi kuingia kwenye nyumba ya watu ukalala. Galih alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kata iliyokuwa ikielea kwenye ndoo, akachota maji, akanywa huku akimtazama mama yake. Akamaliza. Akachota tena, akanywa mpaka maji yakamtiririka kifuani.

"Nimefungua," akasema.

"Na mimi!" Menik akapiga makofi. "Na mimi nimefungua!"

Rukmi hakumkemea. Alibeba ndoo moja, Lindung akabeba ya pili na kuongeza dumu kwa mkono mwingine, wakarudi bila kusema kitu, jambo ambalo kwa Lindung ni muujiza. Mlangoni akasema, "Jioni naleta mengine. Mfuniko wa dumu usipotee, ni la mteja." Akaondoka haraka.

Alasiri Sarwono akapiga simu kutoka mahali mabasi yanapopumzikia. Nyuma yake kulikuwa na honi na watoto wa watu wanalia.

"Wazima?"

"Wazima."

"Umepika?"

"Ndio naanza."

"Asubuhi nimepita njia panda ya kwenu. Nikapiga honi."

"Nani kasikia?"

"Kuku."

Rukmi akacheka. Sarwono naye akacheka, halafu akaitwa, simu ikakatika. Rukmi alikaa na simu mapajani muda mrefu. Aliniambia aliiona ile njia panda yote: kibanda cha mama wa peremende, mti uliopigwa radi, barabara ya mawe inayopanda kushoto. Basi limejaa watu wenye kwao, linapita, linapiga honi, linaenda.

Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ketupati, ule wali wa Idi. Mchele wenyewe si tatizo. Tatizo ni vifuko vya makuti machanga vya kuuchemshia. Miaka yote bibi ndiye aliyesuka, vidole vikienda bila yeye kutazama, na Rukmi alikuwa akitia mchele tu. Sasa makuti yalimponyoka. Akisuka upande huu, ule unafumuka. Vilivyokamilika vilikaa kama soksi zilizoliwa na panya.

"Hii nini?" Menik akauliza, ameshika kimoja.

"Ketupati."

"Hapana," akasema Menik.

Jua likazama, mwezi ukatangazwa, takbira zikaanza kutoka misikiti ya mbali. Wetu mdogo ulichelewa, kwa sababu alikuwapo mzee mmoja tu wa kuufungua. Galih, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, alisimama.

"Naenda kwenye ngoma."

Miaka mingine, wavulana wanapigana kwa ajili ya ile ngoma kubwa ya msikitini. Mkubwa anapiga, wadogo wanangoja mpaka wanasinzia. Galih alikuwa hajawahi kuigusa, kwani kila mwaka usiku huo yuko Wonogiri. Sasa mzee alimpa vijiti vyote viwili vya kupigia akamwambia, "Piga mpaka uchoke." Hakukuwa na wa kumnyang'anya. Rukmi alimsikia kutoka jikoni. Alipiga vibaya mwanzoni, takbira inakwenda huku na ngoma kule. Kisha polepole ikaingia. Kichochoro chote kitupu, kuta zinaurudisha mlio, na mpigaji ni mwanawe mwenye hasira.

Hapo Rukmi akalia. "Si kwa ajili ya bibi," alinisisitizia. "Kwa ajili ya yale makuti."

Mwishoni alifunga mchele kwenye majani ya mgomba, akaukaza kwa uzi wa kushonea, akauchemsha.

Asubuhi ya Idi watu waliswali safu mbili fupi uani mwa msikiti. Upande wa wanawake walikuwa watatu, na mmoja alikuwa msichana wa kazi ambaye matajiri wake wamesafiri. Wakapeana mikono, wakaombana radhi, wakatawanyika kila mmoja na njia yake.

Nyumbani, desturi ni kupiga magoti mbele ya wakubwa na kuomba msamaha wa mwaka mzima. Rukmi kila mwaka aliinamisha kichwa kwenye magoti ya bibi, kwenye kile kitambaa chenye harufu ya moshi, na bibi alimpapasa mgongoni. Sasa yeye ndiye aliyekaa kitini. Galih akapiga magoti, Menik akapiga magoti, kisha akabingirika. Mikono ya Galih ilikuwa na malengelenge ya ngoma.

"Nisamehe, mama, nilikunywa maji," akasema. "Na zile siku nyingine pia nilikunywa."

"Nimekusamehe."

Kisha Rukmi akashuka kitini, akapiga magoti mbele ya mtoto. "Na wewe nisamehe. Nilikudanganya ukafunga mkoba."

Galih hakujua aweke wapi mikono. Akampapasa begani mara moja, kama anavyompapasa paka. "Sawa," akasema. "Tule?"

Walipomaliza, walimpelekea Lindung sahani ya kuku wa nazi na ketupati. Alikula amesimama, akasifu kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, akauliza kwa nini ketupati imevaa sanda. Galih akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Rukmi akamuuliza Lindung kama hachoki kubaki peke yake kila Idi.

"Idi?" akasema. "Idi napumzika, mama. Shida yangu ni Krismasi. Nyote mpo, mnapiga kelele, mnaleta mipira ya kuziba, na mama yangu yuko Balige ananingoja. Idi angalau na nyinyi hampo." Akalamba kidole. "Kuku mzuri sana huyu."

Mchana ulikuwa mrefu. Makopo ya biskuti yalikuwa wazi mezani, vikombe vimepangwa, na mlango Rukmi aliuacha wazi, mapazia kayafungua. Hakuna aliyekuja. Watoto wakachoka kukaa na nguo mpya. Galih akamshika Menik mkono wakatoka nje, wakasimama, wakagonga mlango ulio wazi.

"Hodi! Idi njema!"

Rukmi akatazama. "Karibuni," akasema. "Karibuni wageni. Mmetoka wapi?"

"Wonogiri," akasema Galih.

"Mbali huko! Njia ilikuwaje?"

"Foleni tupu."

"Foleni," akasema Menik.

"Kaeni basi, kuleni. Bibi hajambo?"

Galih alifikiri, biskuti imefika nusu ya njia kwenda mdomoni. "Hajambo. Anakusalimu."

Rukmi akaenda jikoni kuongeza biskuti, ingawa makopo yalikuwa yamejaa. Aliporudi wageni walikuwa wameshatoka, wanagonga tena. Walikuja mara nyingi alasiri ile, na kila walipokuja aliwakaribisha.

Sarwono alifika siku chache baadaye. Alikula mezani macho yakifumba, akalala pale pale sakafuni, Menik amemkalia tumboni na Galih akimweleza habari za ngoma kwenye sikio. Alilala mpaka jioni. Alfajiri aliondoka tena, maana watu sasa walitaka kurudishwa mjini.

Nasi tukarudi. Kichochoro kikajaa maboksi, watoto waliochomwa na jua na harufu ya samaki wakavu wa kwetu. Mwangalizi alifungua pampu, akakuta bomba la Rukmi limeachwa wazi, akashangaa. Mama Dewo alikuja mlangoni kwa Rukmi na mfuko wa vitamu vya Purworejo.

"Haya, na wewe umetuletea nini cha Wonogiri?"

Rukmi akafungua mdomo, lakini Galih akamtangulia. "Sisi hatukwenda! Maji yalikatika, tulichota kwa mjomba Lindung. Na ngoma nilipiga mimi peke yangu!"

Mama Dewo akabaki ameshika mfuko hewani. Tuliokuwa karibu tukageuka. Kisha akalipuka.

"Mama Galih! Wewe mtu wa namna gani? Ulikuwapo? Ulikuwapo humu humu, na ndege wangu analala bandani kwa yule Mbatak? Amemlisha pilipili! Sasa hivi haimbi, anakohoa!"

Kicheko kilitutoka wote, Rukmi akacheka mpaka akajifuta macho. Jioni ile alipelekewa vyakula kutoka nyumba nyingi kuliko alivyoweza kula, na kwa siku kadhaa watu walimsema, wengine kwa huruma, wengine wakisema ana kiburi. Halafu yakapita.

Tulipokuwa tukifua, nilimwambia mwakani aje nasi Tegal. Kwetu ni padogo lakini patatosha, mama yangu anapenda watoto. Alikuwa akikamua shati la kazi la Sarwono. Akasema, "Tutaona," namna ile tunayosema tukikataa bila kumuumiza mtu.

Nikamuuliza kama sasa, watu wamerudi, moyo umetulia.

"Siku zile kulikuwa kimya," akasema, "nikajiambia, nasikia upweke hivi kwa sababu hakuna mtu." Akalitikisa shati, maji yakaturukia sote wawili. "Sasa mmejaa, Mama Laras. Sasa nitajiambia nini?"

Nilishika upande mmoja wa shati, yeye upande mwingine, tukalitundika.